Mji Uliotutoa Chumbani

Nilikwenda Japani na mpango mmoja tu: kumfungia mume wangu ndani. Baba Atu alikuwa Kyoto mwaka na ushee akisomea jotoardhi kwa ufadhili, mimi niko Tukuyu na mtoto, duka na mama mkwe. Waliowahi kuishi mbali na wenzi wao watanielewa. Ukipata likizo baada ya muda wote huo hutaki kuonyeshwa mahekalu. Unataka chumba, mlango ufungwe, simu zizimwe, na huyo mtu awe wako peke yako.

Kwa hiyo aliponiambia ametafuta gesti ya Kijapani, zile wanazoziita ryokan, kwenye mji mdogo wa chemchemi za maji moto uitwao Kinosaki, kaskazini mwa mkoa wa Hyogo karibu na Bahari ya Japani, nilikubali kabla hajamaliza kusema. Mwezi wa pili, theluji nje, sisi ndani. Nani angekataa?

Nieleze kwanza habari ya tiketi, maana najua kuna wanafunzi wetu kule ambao wake zao au waume zao watawafuata likizo. Mmoja akiwa mgeni na mwingine mkazi, msitegemee kukata tiketi ya aina moja. Mimi niliyegongewa muhuri wa mgeni wa muda mfupi niliruhusiwa kununua pasi ya JR, yaani kampuni za reli za Japani, ya eneo pana la Kansai (Kansai Wide Area Pass), ya siku 5, ambayo tulipokwenda ilikuwa yen 12,000 na inakufikisha mpaka Kinosaki. Inalipa tu kama utaitumia na kwingine ndani ya siku hizo. Yeye mwenye kitambulisho cha ukazi hauziwi. Alilipa nauli ya umbali, kisha akalipa tena nyongeza ya treni ya haraka, kwa sababu kule hayo ni malipo mawili tofauti. Kilichomsaidia ni karatasi ya chuo: mwanafunzi anayekwenda zaidi ya kilomita 100 kwa treni za JR anapunguziwa asilimia 20 ya nauli, ingawa ile nyongeza haiguswi. Aichukue chuoni mapema, asisubiri asubuhi ya safari.

Treni yenyewe inaitwa Kinosaki, kama mji. Si shinkansen, zile za mwendokasi mkubwa, usitafute ile pua ndefu ya kwenye picha. Ni treni ya haraka ya kawaida, kama saa mbili na nusu kutoka Kyoto, na ikishavuka vitongoji vya mji inaingia kwenye mahandaki ya bonde la Hozu. Giza, halafu ghafla mto wa kijani chini yako, halafu giza tena, hata hujapata kuelekeza simu. Baada ya hapo ni mashamba, Ayabe, Fukuchiyama, vituo ambavyo wanapanda watu wawili na kushuka mmoja, na theluji inaanza kujaa kwenye mapaa.

Mimi ni mtu wa TAZARA. Treni kwangu ni kelele, ni wauzaji kukimbilia madirisha, ni kujuana na jirani na kula naye kabla hamjafika Makambako. Kule madirisha hayafunguki na hakuna anayepiga simu behewani. Chakula tulinunua stesheni, viboksi vya wali na samaki, tukala kimya kama wenzetu. Na katika kimya kile nikagundua jambo lililonitia wasiwasi: hatukuwa na la kuongea. Tulikuwa tunapigiana simu ya video kila usiku. Nilijua juzi amekula nini. Yeye alijua bei ya sukari dukani kwangu. Mtu niliyekuwa nimemtamani kwa miezi yote ile alikuwa ameketi ubavuni pangu, goti kwa goti, na sote wawili tunatazama dirisha.

Alichangamka tulipoukaribia mji wa Toyooka. Akanionyesha ndege mkubwa mweupe mwenye ncha nyeusi za mabawa, amesimama katikati ya shamba la mpunga lenye theluji. Ni korongo. Japani nzima ilikuwa imebakiwa na mmoja wa porini, naye akafa hapo Toyooka mwaka 1971. Walikuwa wamewindwa, kisha dawa za mashambani zikamaliza waliobaki. Mwaka 1985 wakaletwa makinda kutoka upande wa Urusi, wakafugwa, wakazaa, na kuanzia 2005 wakaanza kuachiwa huru, huku wakulima wakishawishiwa kupunguza dawa ili vyura na samaki warudi kwenye majaruba. Sasa korongo ni sura ya eneo lile. Baada ya Toyooka reli inafuata mto Maruyama, mpana, uko kulia kwako ukienda kaskazini. Kaa upande huo.

Gesti ilikuwa ya mbao, ndogo. Mama mwenye nyumba alitupokea mlangoni kwa kuinama, akachukua viatu vyetu, na sikuviona tena mpaka siku ya kuondoka. Tukapewa chumba cha mikeka, meza fupi yenye joto chini yake, chai. Nikasema moyoni, haya, nimefika. Nikavua soksi.

Haikupita hata nusu saa mama yule akarudi na yukata zetu, yaani majoho mepesi ya kufunga kwa mkanda, makoti mazito ya kuvalia juu, na kadi mbili za kuingilia kwenye mabafu ya mji. Akanifunga mkanda mwenyewe, upande wa kushoto juu ya wa kulia, maana kinyume chake ni vazi la maiti. Kisha akatuonyesha mlango. Wa nje.

"Bafu la humu ndani je?" nikamuuliza Baba Atu.

"Lipo. Ila ni dogo. Na si bahati mbaya."

Akanisimulia tukiwa bado tumesimama pale. Zamani gesti za Kinosaki hazikuwa na mabafu ya ndani kabisa. Maji moto yalikuwa mali ya mji, na kila mgeni, tajiri kwa maskini, alitoka nje kwenda kuoga kwenye mabafu ya umma. Mwaka 1927 gesti moja ikajiwekea bafu lake ndani. Wenzake wakaipeleka mahakamani, na ugomvi huo ukadumu mpaka 1950. Mwisho wake walikubaliana kwamba gesti zinaweza kuwa na mabafu ya ndani, lakini madogo, ili watu waendelee kutoka. Mpaka leo wenyeji wanauelezea mji wao kuwa ni gesti moja kubwa: stesheni ndiyo mlango wa mbele, barabara ni korido, gesti ni vyumba, na mabafu ya umma ndiyo bafu la nyumba.

Hadithi nzuri, lakini mimi ilinikera. "Yaani nimetoka Tukuyu mpaka hapa," nikamwambia, "nije niambiwe na watu wa 1950 nitoke chumbani kwangu?"

"Mama Atu, vaa viatu twende."

Viatu vyenyewe ni geta, mbao yenye kamba na visigino viwili chini. Kila gesti imeandika jina lake kwenye zake, na mitindo ya yukata nayo inatofautiana, kwa hiyo mtu wa mlangoni kwenye bafu anajua wewe ni mgeni wa nani kabla hujafungua mdomo. Barabara kuu inafuata kijito cha Otani, chenye vidaraja vya mawe vya kupinda na miti ambayo matawi yake yanainamia maji. Theluji ilikuwa inaanguka kidogo kidogo. Watu wote mtaani wamevaa vazi la kulalia, wazee kwa vijana, na mji mzima unasikika ko-ko-ko. Nikaanza kucheka, sikuweza kujizuia.

Tukafika Jizo-yu, bafu letu la kwanza. Milango miwili, mapazia mawili, la buluu wanaume, jekundu wanawake. Hapo ndipo nilipoelewa mambo yalivyo. Safari ya wawili, na kila unapokwenda mnaachana mlangoni.

"Dakika arobaini," akasema, akapotelea nyuma ya pazia.

Sitadanganya kuwa nilivua nguo kwa ujasiri. Chumba kilikuwa na wanawake kama kumi, wengi wazee, na mimi peke yangu mweusi, nina rasta mpaka mgongoni. Nilisimama mbele ya kikabati changu nikikunja yukata polepole kuliko inavyostahili. Lakini hakuna aliyenitazama zaidi ya mara moja. Ukiingia ndani unakaa kwenye kigoda kifupi mbele ya bomba, una beseni, sabuni, na unajisugua kwelikweli kabla ya kugusa maji ya bwawa, kwa sababu yale maji si ya kuogea uchafu, ni ya kukaa. Bibi mmoja jirani yangu alikuwa anasugua visigino kwa bidii ya mtu anayeosha sufuria za msiba. Alipomaliza aliniangalia nywele, akainuka, akarudi na kitaulo chake kikavu, na bila kuniuliza akaanza kunikusanyia rasta juu ya kichwa. Nywele hazitakiwi ziguse maji, wala kitaulo hakitakiwi kuzamishwa. Alikaza fundo mara mbili, akalivuta kujaribu, akanipiga kibao kidogo begani: nenda.

Nilikulia karibu na mto Kiwira. Wasichana tulioga pamoja na shangazi zetu, na hakuna aliyejali maungo ya mwenzake mpaka tulipopelekwa bweni na kufundishwa kujificha. Kile kibao cha begani nilikuwa sijakipata tangu wakati huo. Nikaingia majini.

Ni ya moto, jamani. Yanatoka ardhini yakiwa ya moto kupita kiasi cha kugusa, mji unayakusanya kutoka visima vyake na kuyagawa kwa mabafu na gesti zote, na bwawani yanakuwa kama nyuzi 42. Yana chumvi, ukilamba midomo unaisikia. Dakika tano za mwanzo unafikiria kutoka. Baadaye hufikirii kitu.

Nilipotoka, Baba Atu alikuwa amesimama darajani, kichwa chake kilichonyolewa kikitoa mvuke kwenye baridi. Na akaanza kuongea yeye. Mzee mmoja bafuni alikuwa amemuuliza kama Afrika kuna maji moto. Basi yeye, uchi wa mnyama, kwa Kijapani chake cha kuungaunga, akamtolea mhadhara mzima wa Olkaria kule Naivasha, kwamba Kenya inapata karibu nusu ya umeme wake kutoka kwenye jotoardhi, na kwamba kwetu Rungwe kuna Kiejo-Mbaka ambako utafiti unaendelea. Wazee wengine wakasogea kusikiliza. Mimi nikamsimulia bibi wa kitaulo. Tulitembea tukicheka mpaka bafu la pili, na nikatambua kwamba hayo ndiyo mazungumzo yetu ya kwanza tangu niteremke kwenye ndege ambayo mmoja wetu hakuwa anayajua tayari.

Bafu la pili ni Ichino-yu, lenye sehemu ya pango. Tumefika mlangoni, mkono wake uko kwenye pazia, akasema, "Profesa anataka nibaki nifanye uzamivu. Miaka mitatu." Akaingia.

Nilibaki nimesimama kwenye theluji na geta zangu.

Nikwambie ukweli, kama angenitamkia hayo chumbani, kwenye ile mikeka niliyoililia, ningejibu palepale. Na najua ningejibu nini, maana nilianza kulijibu mwenyewe moyoni nikivua nguo: kwamba mtoto anamwita babu yake baba, kwamba mama yake mzazi ana presha na anayempeleka hospitali ni mimi, kwamba mimi si mlinzi wa nyumba yake. Yote kweli. Lakini hakukuwa na mtu wa kuambia. Nimekaa kwenye pango lenye maji ya moto kati ya wanawake wasiojua Kiswahili, na mume wangu yuko upande wa pili wa ukuta, namsikia anakohoa. Hasira ya kwanza ikapanda mpaka ikafika mwisho wake. Ya pili ilikuja na hesabu: ada ya Atu, mkopo wa kikoba, mshahara wake wa sasa ukilinganisha na wa mtu mwenye uzamivu. Ilipofika ya tatu haikuwa tena hasira, lilikuwa swali kama nami naweza kuja.

Nilimkuta darajani tena, safari hii hana hadithi. Ananiangalia anavyomwangalia mama yake. Sikusema kitu. Tukarudi gesti kula.

Chakula kilikuwa kaa. Msimu wake kule wa kaa dume ni kuanzia Novemba hadi Machi, na wale wanaotua bandari ya jirani, Tsuiyama, wanafungwa kibandiko cha buluu mguuni kuthibitisha asili yao. Ni bei mbaya. Tulichukua sahani ndogo, na bado nilihesabu mifuko mingapi ya saruji nimetafuna. Mtamu, lakini mimi ningechagua nyama ya ng'ombe ya Tajima, ambayo ni ya mkoa huohuo na haina kazi ya kuchokonoa miguu.

Baada ya kula nikamwambia tutoke tena. Akashangaa, kwani mimi ndiye niliyekuwa sitaki kutoka. Nilimpeleka Yanagi-yu, bafu dogo kuliko mengine tuliyoingia, la mbao tupu, na kwangu ndilo bora kuliko hata Goshono-yu ambalo linasifiwa kwa bwawa lake la nje na lina watu mno. Mlangoni, mkono wangu ukiwa kwenye pazia jekundu, nikamtajia masharti yangu: mimi na Atu tuje ndani ya mwaka wa kwanza, dada yake ahamie kwa mama, na pesa ya ufadhili nijue inaingia lini na inatoka wapi. "Dakika arobaini," nikasema. Zamu yake kuchemka.

Alipotoka alikubali mawili, na la dada yake akaomba muda aongee naye. Halikuwa jibu la kuniridhisha, lakini alikuwa amelifikiria, na niliona tofauti.

Kesho yake tulipanda mpaka mwisho wa mji, karibu na kituo cha gari la kamba la kwenda hekalu la Onsenji. Pale kuna kisima chenye maji ya moto sana. Unanunua mayai ndani ya wavu, unayaning'iniza, baada ya dakika kumi na kitu yameiva, kiini bado laini. Tukala tumesimama, chumvi mkononi. Akanionyesha mawe meusi yaliyojengea kingo za kijito. Tarehe 23 Mei 1925, saa tano na dakika kama kumi asubuhi, watu wakiwa wanapika, tetemeko lilipiga eneo lile, moto ukafuata, Kinosaki ikateketea. Zaidi ya watu 400 walikufa katika wilaya nzima. Mji ulipojengwa upya, mawe ya kingo yalitoka Genbudo, mto ukivuka.

Genbudo tulikwenda kwa teksi. Kipo kituo cha treni chenye jina hilo, kimoja tu kabla ya Kinosaki, lakini kiko ng'ambo ya mto, utabaki kuyatazama mapango kwa mbali. Ni lava iliyopoa yapata miaka milioni 1.6 iliyopita na kupasuka nguzonguzo za pembe sita, na mapango yamebaki pale watu walipochimba mawe. Mwaka 1926 profesa wa Kyoto aitwaye Matuyama Motonori alipima mawe yale akakuta sumaku yake imeelekea kinyume, kusini badala ya kaskazini. Miaka mitatu baadaye akatangaza kwamba sumaku ya dunia nzima iliwahi kugeuka. Kipindi cha mwisho cha ugeuzi huo, kilichokoma takriban miaka 770,000 iliyopita, kinaitwa kwa jina lake.

Haya yote alinieleza Baba Atu kwa mikono, akipiga nguzo kofi, akirudi nyuma, akichuchumaa kwenye theluji na yale masuruali yake ya pekee. Kwenye simu kila nikimuuliza masomo ananijibu "yanaendelea". Sikuwahi kujua yanaendelea hivi. Nilimuuliza maswali mengi ya kijinga na aliyajibu yote, moja baada ya jingine, mpaka dereva wa teksi akapiga honi.

Nimerudi Tukuyu. Simu ya kila usiku tumeiacha. Sasa mwenye jambo zito anapiga, analisema, tunakata. Kyoto iko mbele yetu kwa saa sita, kwa hiyo mara nyingi anayepata nafasi ya kulala na jambo ni yeye, na mimi nalibeba dukani mchana mzima nikipima mchele. Halafu tunapigiana tena. Wiki iliyopita ilikuwa habari ya dada yake, ambaye amekubali kuhamia kwa mama lakini anataka chumba chake kipigwe rangi. Mama mkwe, aliyezoea kutusikia tukiongea saa nzima, ameniita jikoni kuniuliza kwa sauti ya chini kama tumegombana huko Japani. Nikamwambia hapana mama, tulikuwa tunaoga.